Wachawi hawakumwambia Macbeth aue

Mnaosoma Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, rudini kwanza kwenye Tendo la 1, Onyesho la 3. Wachawi watatu wanamsalimu jemadari Macbeth kwa vyeo vitatu: Bwana wa Glamis, Bwana wa Cawdor, kisha mfalme. Cha kwanza anacho. Cha pili Mfalme Duncan ameshampa katika onyesho lililotangulia. Sisi tunajua, yeye bado. Kinaya kinaanzia hapo. Baadaye Macbeth atamwua Duncan ili atawale, wala hakuna mchawi anayetaja mauaji! Banquo, jemadari mwenzake, naye ametabiriwa kuzaa wafalme, lakini hamwui mtu.

Tendo la 4 ndilo tamu zaidi, na wengi hulipita mbio. Hushika maneno ya mizuka ambayo wachawi wanamwonyesha Macbeth, wakasahau kutazama nani anayasema. Anayesema kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru Macbeth ni mtoto aliyelowa damu, na Macduff, bwana wa Uskoti atakayemwua Macbeth, alitolewa tumboni mwa mama yake kwa kupasuliwa kabla ya wakati. Anayesema hatashindwa mpaka msitu wa Birnam upande kilima cha Dunsinane ni mtoto mwenye taji, ameshika mti. Huyo namwona kuwa Malcolm, mwana na mrithi wa Duncan, atakayeamuru kila askari akate tawi alibebe mbele yake, ili idadi yao isijulikane. Macbeth anaonyeshwa jibu, ila anasikiliza tu.

Onyo la mzuka wa kwanza, kwamba Macbeth ajihadhari na Macduff, halikuwa fumbo hata kidogo. Alilijibu kwa kuagiza mke na watoto wa Macduff wauawe, na Macduff akaingia vitani akimtafuta yeye tu.