2024, mwaka wa redio ya baba

Leo tarehe 29 Desemba, saa nne usiku, watoto wamelala na baba kalala, redio yake iko juu ya friji inaongea peke yake na sithubutu kuizima maana ataamka. Kila mwaka wiki hii huwa naandika kidogo yaliyopita. Nilitaka nianze na mpira, mnanijua mi ni Yanga damu, ila kila nikianza na mpira naishia kwa baba, nikianza na mambo ya mtandaoni naishia kwa baba, basi acha iwe hivo.

Kwa ambao hamjui, baba anakaa Morogoro, Kihonda. Maisha yake yote alikuwa mtu wa reli, gengi la kutunza njia huko Kilosa na Kidete, kazi ya nyundo na mataruma, vile vipande vinavyobeba reli, mvua ikinyesha mto ukala tuta basi hao wanaamshwa usiku. Mama alitangulia 2019. Miaka miwili hii macho ya baba yakaanza kuzimika, mtoto wa jicho pande zote mbili, ila yeye kila ukimuuliza anasema naona vizuri tu, kumbe anatambua watu kwa sauti.

Redio yenyewe ni National, aliinunua 1987. Nimeijua historia yake mwaka huu. Tarehe 29 Februari Rais Samia alipotangaza kwamba Mzee Mwinyi, rais wetu wa awamu ya pili, amefariki akiwa na miaka 98, nilimpigia baba nikamkuta anajua tayari, na sauti imekauka. Nikategemea ataongea mambo ya uongozi, akaongea sabuni. Akasema nyie mmezaliwa mmekuta sabuni dukani, sisi tulikuwa tunapanga foleni duka la kaya hujui unapangia nini, unapanga tu kwa sababu watu wamepanga, alafu akaja huyu mzee akasema ruksa, mitumba ikaingia, vitu vikaonekana, mshahara wa miezi kadhaa nikaweka nikanunua hii redio unayoisikia hapa. Akaipandisha sauti kidogo ili niisikie. Aliyasikiliza mazishi ya Mangapwani tarehe 2 Machi mwanzo mpaka mwisho, simu hakupokea siku hiyo.

Halafu ikaja Ijumaa ile ya Ramadhani, tarehe 5 Aprili. Sijui kama nitakuja kuisahau. Yanga tuko Pretoria na Mamelodi, Simba wako Cairo na Al Ahly, usiku mmoja, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na baba ni Simba tangu Simba inaitwa Sunderland. Alikuwa anasikiliza yetu kwanza akisubiri yake. Aziz Ki akapiga lile shuti, likagonga mwamba wa juu likadunda chini, mimi nimesharuka nimegonga meza chai imemwagika, refa anasema hakuna goli. Simu inaita, baba. "Mwanangu, limeingia?" Nikamwambia limeingia baba, nimeliona kwa macho yangu. Akasema na mimi nimelisikia, uwanja ule haukulia vile kwa mpira ambao haujaingia. Tukatolewa kwa penalti 3-2, baadae Simba nao wakapigwa 2-0, na tulikaa kwenye simu mimi na yeye mpaka karibu na daku tunafarijiana, kitu ambacho miaka yote hakijawahi kutokea kwa sababu siku zote mmoja wetu anakuwa anamcheka mwenzie.

Ubingwa wa ligi tuliuchukua, Aziz Ki akamaliza na magoli 21, hilo linajulikana sina haja ya kulirudia. Ila siku ya dabi, 20 Aprili, tumeshinda 2-1 na sikuweza kushangilia vizuri maana siku hiyo hiyo alifariki Gardner Habash, mtangazaji wa redio, na mtu yeyote aliyekulia Dar akirudi nyumbani jioni na daladala anajua ile sauti ilikuwa ni nini kwetu.

Sasa mtandao. Mi biashara yangu ya vitenge yote iko kwenye simu, naposti Instagram, naweka stetasi, wateja wanachagua, kijana wa bodaboda anapeleka. Jumapili tarehe 12 Mei, siku ya mama duniani, watu wote wanaposti mama zao, kaka yangu aliyeko Muscat akatuma picha ya mama kwenye grupu la familia. Ikaja ile duara inazunguka. Inazunguka, inazunguka. Nikadhani bando limeisha, nikaunga lingine, wapi. Kumbe nyaya za baharini zimekatika, EASSy na Seacom, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima imekwama, sio sisi tu, Kenya na kwingine pia. Siku mbili tatu zile sikuuza hata doti moja. Ila jioni ile ya Jumapili nikapiga simu ya kawaida kwa baba nikamwambia kaka katuma picha ya mama haifunguki. Akauliza ipi, kavaa nini? Nikasema sijui baba, haifunguki. Akasema basi kama imetoka kwa kaka yako itakuwa ile ya stesheni ya Kilosa, amevaa gauni la mistari, kashika kikapu mkono wa kushoto, anakunja uso kwa jua, na nyuma yake kuna behewa la mizigo. Akaielezea taratiiiibu kama anamsomea mtu barua. Picha ilipokuja kufunguka siku ya tatu, gauni la mistari, kikapu kushoto, uso umekunjwa, behewa. Nilikaa chini kabisa sakafuni.

Juni nzima simu yangu ilikuwa Nairobi. Nilikuwa naangalia laivu za TikTok mpaka usiku wa manane, vijana wale walioandamana kupinga Muswada wa Fedha wanausoma kifungu kwa kifungu na kuutafsiri kwa lugha za makwao ili mama zao waelewe, alafu ile tarehe 25 damu ikamwagika, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Nina wateja kule, kuna mmoja hakujibu meseji siku nne, nilivyoiona tiki ya bluu nililia. Kuna watoto wa watu hawakurudi nyumbani, na siwezi kuuandika mwaka huu nikawaruka.

Mwezi huo huo, tarehe 14, treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ikaanza Dar mpaka Morogoro. Nauli ilikuwa shilingi 13,000, masaa mawili hivi uko Moro, wakati mimi na basi nilishazoea kukwama Kibaha, nikwame Mlandizi, nifike nimevimba miguu. Zamani nilikuwa naenda kwa baba Krismasi na Pasaka, tangu Julai nimeenda mara saba. Ndio nikaona jinsi anavyopapasa ukuta akienda chooni. Ndio nikaona sukari anaipima kwa kidole. Kwenye simu alikuwa ananiambia niko salama mwanangu, na nilikuwa naamini.

Kumshawishi aje Dar kufanyiwa operesheni ilichukua miezi, na hospitali nayo ikatuahirisha mara mbili, mara ya pili tukiwa tumeshafika getini, baba kafunga toka usiku. Niliumia sana siku ile. Mzee wa miaka 74 unamrudisha bila hata kumwangalia usoni, unamwambia tu rudini mwezi ujao. Ila kilichomfanya akubali kuja ni treni yenyewe, nisifiche. Alitaka kuipanda.

Nilikaa nae kiti cha pembeni. Tumetoka Moro, treni imeshika kasi, watoto wa kiti cha mbele wanasoma kwenye ile skrini 150, 155, 160, wanapiga makofi, baba kainamisha kichwa kama anatafuta kitu. Nikamuuliza unaumwa? Akasema hii treni haisemi. Kwenye reli ya zamani, ile ya mita moja iliyofika Morogoro wakati wa Mjerumani 1907, kila kiungo cha reli kinagonga, ta-ta, ta-ta, na mtu wa gengi anajua kwa kusikia tu kiungo gani kimelegea, kesho yake anakwenda palepale na spana. Hii ya sasa reli zimechomelewa zimekuwa kitu kimoja, na mataruma ni ya zege sio ya chuma. Akaweka kiganja chini ya dirisha akakiacha pale mpaka Ruvu. Akasema, wameifunga vizuri. Mnajua kwa baba hiyo ni sifa kubwa kiasi gani, mimi mwenyewe kanisifia mara mbili maishani.

Operesheni ikafanyika Alhamisi tarehe 14 Novemba, jicho la kulia. Jumamosi zote asubuhi mimi huwa niko Kariakoo kuchukua mzigo, Jumamosi ile sikwenda kwa sababu ya kumtilia dawa ya matone. Saa tatu tatu hivi simu zikaanza kuita. Ghorofa limeanguka, mtaa wa Mchikichi, pale pale ninapopitaga. Siku zile video zilikuwa zinazunguka za watu walioko chini ya kifusi wanaongea, wanaomba maji, wanataja majina yao, na niliamua sitamtumia mtu hata moja, nilikuwa napiga simu tu, mmoja mmoja, uko wapi, uko wapi. Walifariki zaidi ya 20. Dada mmoja tuliyekuwa tunagawana mzigo wa vitenge, nimebaki na doti zake sita kwangu. Zipo kwenye begi, ndugu zake wamesema wataziijia.

Siku tatu baadae, Jumanne tarehe 19, Taifa Stars na Guinea kwa Mkapa, na ilikuwa lazima tushinde ili tufuzu AFCON. Moyo haukuwepo. Baba ndo akasema washa. Tukawasha TV, na yeye akawasha redio yake pembeni kama kawaida, maana watangazaji wa TV anasema wanalala. Sasa wote mnajua kingamuzi kinachelewa, redio inatangulia sekunde kadhaa. Kipindi cha pili redio ikapasuka, Msuvaaaa, goooli, na kwenye TV mpira bado uko mbali hata krosi haijapigwa. Baba hakushangilia. Aliinuka, akasogea mpaka karibu na kioo, akasimama akisubiri lile goli alilokwisha kulisikia limfikie, na lilipofika, mpira umeingia, nyavu zimetikisika, akanyoosha kidole. "Lile pale. Nimeliona." Ndio akaanza kulia. Tumefuzu AFCON ya Morocco, mara ya nne katika historia, na mimi goli lenyewe wala sikuliona maana nilikuwa namwangalia yeye.

Wiki iliyopita watoto walikuwa wanamwonyesha picha kwenye simu, anazivuta zinakuwa kubwa, amekuwa mtaalamu kweli, wakafika kwenye ile ya mama. Akaiangalia muda mrefu. Sote tunajua picha ile ilipigwa na mpiga picha wa pale stesheni na baba alikuwa kazini, ndivyo mama alivyotuambia. Baba akavuta kona ya juu, nyuma kabisa ya behewa, kuna kivuli cha mtu ameinama na kitu begani, miaka yote nilidhani ni mzigo. "Huyu mwenye nyundo ni mimi," akasema. Nikampigia kaka Muscat hapo hapo. Amefungua picha akiwa kazini, akakaa kimya, akasema dada, ni kweli, ile kofia ni yake.

Tarehe 2 Januari namrudisha Morogoro, tiketi nimeshakata. Kanikumbusha leo mara tatu kwamba cha dirishani ni chake, kuna sehemu njia ya zamani inapita karibu na anataka aone kama mataruma yake bado yapo.