Ngano na Komamanga

Mwaka ule nilikuwa nikimtunza bibi mmoja Muarmenia huko Glendale, California. Kazi ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa na kumsikiliza. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokula siku. Alizaliwa Bourj Hammoud, pembeni mwa Beirut, mtaa waliojijengea Waarmenia walionusurika mauaji ya halaiki ya 1915 katika dola ya Uthmaniya, Uturuki ya leo. Mama yake alifika Lebanoni yatima. Mimi akiniita "aghchigs", binti yangu, japo nilikuwa na mwana wa miaka sita.

Siku hiyo kitukuu chake wa kike alikuwa ameota jino la kwanza. Sherehe yake huitwa agra hadig. Ngano nzima, ileile tunayopikia bokoboko kwetu Mombasa, ikachemshwa, ikatiwa sukari, mdalasini, lozi na punje za komamanga. Mtoto akaketishwa juu ya shuka, akafunikwa mtandio, wanawake wakammwagia ngano kichwani. Kisha mbele yake vikapangwa vitu: atakachoshika ndiyo kazi yake ya ukubwani.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Bibi aliweka kitana, mkasi na mwiko. Mjukuu wake, mama wa mtoto, mhandisi aliyekuwa akirudi kazini wiki ile, akautoa mwiko akaweka kikokotoo. Bibi akaurudisha. Wakarushiana Kiarmenia, nami nikajitia kukunja taulo.

Mtoto alichota ngano ya shukani akala. Vitu vyao hakuvitazama.

"Nimemwambia, wanaume wetu waliuawa kwanza, lugha ikabebwa na wanawake," bibi alinieleza baadaye. "Akishinda ofisini, nani atamsemesha huyu?"

"Naye kakujibuje?"

"Kwamba mimi nilishinda kiwandani nikishona, na Kiarmenia chake alikipata kwangu." Akacheka, akapangusa macho. Kwao lugha ya kuzaliwa ni mayreni, na mayr ni mama. Hilo alikuwa keshanifundisha mara kumi. "Na wako, anasema lugha yako?"

"Anaielewa, bibi."

Hakunijibu. Alinifungia bakuli la ngano.

Jioni, garini, mwanangu alilifunua, akaniuliza kwa Kiingereza vile vyekundu ni nini. Nikafungua kinywa, na neno la Kiingereza likatangulia. Komamanga nililikumbuka tukiwa tushafika nyumbani, natafuta funguo.