Kuupanda Sabaki Kutoka Mlangoni

Wageni wengi wakifika Malindi huulizia bahari. Mimi niliulizia mto. Ilikuwa majira ya kaskazi, mvua za vuli zilikuwa zimepiga sana huko bara, na maji mbele ya mji yalikuwa mekundu mpaka macho yanakoishia. Mtalii mmoja hotelini alikuwa akilalamika kwamba picha alizoonyeshwa kwao zilikuwa na bahari ya buluu. Kule gatini nilimkuta mzee akishona nyavu, nikamsabahi, nikamuuliza rangi ile imetoka wapi.

"Kaskazi ikivuma, mwanangu, maji ya Sabaki yaja kwetu. Kusi ikishika, yaenda zao Mambrui na Ngomeni. Samaki wa mwambani wahama, ila mwamba wenyewe hauna pa kwenda."

Mwamba aliousema ni matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, na tope lile ni adui yake wa miaka mingi. Udongo wenyewe si wa Malindi. Ni wa mashamba ya Ukambani na nyanda za juu karibu na Nairobi, unaoteremka na mto wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Huko juu unaitwa Athi. Ukishapokea maji ya Tsavo unaitwa Galana, na ukikaribia bahari ndipo unakuwa Sabaki.

Nilikusudia kuufuata mto huu kinyumenyume, kutoka bahari kwenda bara. Vitabu vya shule huanzia chanzoni, lakini mimi nilikuwa na Mirihi kichwani. Chombo cha Mariner 9 kilipoingia kwenye mzunguko wa sayari hiyo Novemba 1971, kiliikuta imefunikwa na tufani la vumbi. Ilibidi kisubiri litulie. Lilipotulia, picha zikaonyesha mabonde yenye matawi na mikondo mikubwa iliyokauka. Watu wa Malindi wana haki ya kuona habari hizi ni za jirani: hapo Ngomeni, kwenye majukwaa ya Waitaliano baharini, ndipo setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Basi, anayechunguza mito ya Mirihi hana maji ya kuyafuata. Ana mabaki tu, na lazima aanze na kilichobaki kuonekana vizuri. Nami nikataka kuuangalia Sabaki hivyo, kana kwamba maji yenyewe hayapo.

Tuktuk ilinishusha darajani, nikateremka kwa miguu hadi mlangoni maji yakiwa yametoka. Heroe walikuwa wamejipanga kwenye tope upande wa pili, na kijana mchunga mbuzi akanionya nisipite kwenye matete kwa sababu ya viboko. Mlango wa Sabaki ukiutazama kwa pupa utaudharau. Hauna delta pana kama ya Tana kule Kipini. Mawimbi na mikondo ya bahari huyachukua mashapo kabla hayajarundikana, huyasukuma kandokando ya ufuo, kisha upepo unaokota mchanga uliokauka na kuujenga kuwa matuta. Ndiyo maana ufuo wa Malindi ni mpana vile.

Delta nilichuchumaa kuitazama mahali padogo zaidi. Kijifereji cha maji kilikuwa kinatoka kwenye fungu la mchanga na kuingia katika dimbwi lililotulia. Kilipofika ukingoni mwa dimbwi kilipoteza nguvu, kikatua mzigo wake, na mbele yake kukaota kipepeo cha mchanga, umbo la kile cha kupepea moto, chenye upana wa kiganja. Chembe zilibingirika juu ya kipepeo, zikifika ukingo zikaporomoka na kulala mshazari. Nilikikata kwa ukingo wa kadi ya simu, na ndani mistari ikaonekana wazi: ya juu imelala sawa, ya katikati imeinama kuelekea dimbwini.

Mistari ya namna hiyohiyo ndiyo iliyowafurahisha wataalamu mwaka 2021. Gari la Perseverance lilitua tarehe 18 Februari mwaka huo katika kasoko ya Jezero huko Mirihi, yenye upana wa kilomita 45 hivi. Picha za kutoka angani zilikuwa zimeshaonyesha bonde la mto likiingia kasokoni na kuacha kipepeo cha mashapo. Lakini umbo pekee halitoshi, kwani linaweza kutengenezwa na maji yaliyopita mara moja na kutoweka. Gari lilipopiga picha kilima kilichobaki peke yake, wakakiita Kodiak, tabaka zake zilikuwa zimelala juu, zimeinama katikati. Hilo latokea pale mto unapoingia kwenye maji yaliyotulia. Jezero lilikuwa ziwa, na kwa kuwa halikuwa na mawimbi ya Bahari ya Hindi ya kulinyang'anya mashapo, delta yake ikakaa.

Jioni nilikwenda Marafa. Barabara ya kutoka kaskazini ya Malindi inapita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kisha inaacha pwani. Marafa panajulikana: watalii wanapaita Jiko la Jehanamu, Wagiriama wenyewe wanapaita Nyari, na mwongozaji wangu alinihadithia ile habari ya familia tajiri iliyooga maziwa badala ya maji mpaka Mungu akaididimiza. Aliihadithia vizuri, kwa sauti ya mtu ambaye bado ana hasira na familia ile. Mimi naiona ni hadithi inayoafiki mahali penyewe, maana ardhi pale kweli inaonekana kama imepasuka ghafla: mchanga mgumu mweupe, wa waridi na mwekundu, umechongwa kuwa minara na kuta.

Aliyechonga ni mvua. Hakuna mto pale. Kila dhoruba inapopiga, maji hayawahi kuzama ardhini; yanakimbia juu juu, yanafuata ufa, ufa unakuwa mfereji, mfereji unakula kurudi nyuma kuelekea ukingoni. Tulishuka chini na nikatoa kipimapembe cha shuleni nilichokuwa nimekibeba kwa kazi hiyo. Mwongozaji alicheka, lakini baadaye yeye ndiye aliyekuwa akinitafutia mapanda mazuri ya kupima. Vijifereji vilikutana kwa pembe kali, kali kuliko nilivyozoea kuona kwenye ramani za mito ya sehemu zenye unyevu.

Pembe hizo zina maneno yake. Mwaka 2018 watafiti wa Zurich na Chicago walilinganisha mabonde yenye matawi ya Mirihi na ya duniani. Kwenye nchi za unyevu, ambako maji mengi huchimbuka kutoka chini ya ardhi, matawi huachana kwa pembe pana, kama digrii 72. Kwenye nchi kame, ambako mvua huanguka kwa nguvu na kukimbia juu ya ardhi, pembe hupungua. Za Mirihi ziliangukia karibu na digrii 40, sawa na za majangwa ya Marekani. Maana yake ni kwamba zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita, maji ya Mirihi kwa sehemu kubwa yalikimbia juu ya uso wa ardhi. Kwangu huu ni ushahidi mzuri kuliko picha yoyote ya kuvutia, kwa sababu pembe haijali rangi wala vumbi.

Kesho yake tulianza safari ya bara. Dereva alikuwa kijana wa Kakuyuni mwenye Probox iliyopigwa viraka, na tulibeba mahamri na viazi karai vya njiani. Barabara ya Sala haina mengi ya kuhadithia baada ya Langobaya: vumbi, mbuzi, makaa kwenye magunia, vumbi tena. Mto unauona na kuupoteza. Pale unapoonekana umejipinda, ukingo wa nje unabomoka na wa ndani unaota mchanga, na kwenye mafuriko hutafuta njia ya mkato na kuacha mapindo yake ya zamani pembeni. Kwenye delta kongwe ya Mirihi iitwayo Eberswalde mapindo yaliyoachwa hivyo yameonekana kabisa, na hayatokei kwa mafuriko ya siku moja. Mto unahitaji muda mrefu kubadili mawazo.

Langoni Sala, pa kuingilia Hifadhi ya Tsavo Mashariki, malipo ya simu yaligoma kwa muda, tukaketi chini ya mti hadi mtandao ukarudi. Tulifika maporomoko ya Lugard jua likiwa kichwani. Jina ni la mkoloni. Maporomoko yenyewe ni mto mpana ambao ghafla unabanwa kwenye miamba migumu ya kale na kupita kwenye ufa mwembamba kwa kishindo. Miamba imelainishwa, na ina mashimo ya duara yaliyochimbwa na mawe: jiwe linanaswa kwenye kizunguko cha maji, linazunguka hapo miaka na miaka, linatoboa chini huku lenyewe likimalizika. Tulikaa mbali na ukingo. Mamba hawakuonekana, jambo ambalo dereva alilichukulia kuwa ni ishara mbaya.

Juu ya mwamba, mahali ambapo mafuriko tu hufika, niliokota kokoto la ukubwa wa yai la njiwa, duara, halina kona hata moja. Kokoto kama hilo ndilo lililokuwa habari kubwa Septemba 2012, gari la Curiosity lilipokuwa limetua wiki chache tu katika kasoko ya Gale kule Mirihi. Lilikuta mwamba uliojaa kokoto za mviringo zilizogandamana. Upepo hauwezi kubeba mawe ya ukubwa ule, na hayawi duara bila kubingirishwa na kugongana safari ndefu. Wakakadiria kijito kilichokuwa na kina cha kati ya kifundo cha mguu na nyonga, kikienda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nililirudisha kokoto langu. Hifadhini hairuhusiwi kuondoka na kitu.

Kisha nikamwonyesha dereva nilichokuwa nimekifuata safari yote: ng'ambo ya mto, mwinuko mrefu ulionyooka, kichwa chake bapa kama kilichokatwa kwa rula. Hiyo ni Yatta. Inakuja kutoka huko Ukambani, kiasi cha kilomita 300, na ni miongoni mwa mitiririko mirefu kabisa ya lava duniani.

"Mlima huu mrefu hivi umetoka wapi?" aliuliza.

Nikamwambia huo si mlima, ni mto. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita kulikuwa na bonde la mto likiteremka kuelekea kusini-mashariki. Volkeno zikamwaga lava nyepesi, ikafuata bonde lile kama uji uliomwagika kwenye mfereji, ikalijaza, ikaganda. Mto ukafukuzwa kwenye kitanda chake. Maji yakaanza kuchimba pembeni, mahali laini zaidi, na ndiyo maana leo Athi unakwenda sambamba na Yatta upande mmoja, na Tiva upande mwingine, mwendo mrefu bila kukutana. Kuta za bonde la zamani zilikuwa udongo na mawe yanayooza, zikaisha. Lava haikuisha. Kilichokuwa chini kikabaki juu.

Alitazama juu, akatazama Galana, akatazama juu tena. "Kwa hivyo samaki walikuwa kule?"

Walikuwa kule, pengine. Na huko Mirihi, katika eneo la Aeolis Dorsa, kuna matuta yaliyojipinda kama nyoka, yanayogawanyika na kuungana, yasiyofuata mteremko wa leo. Ni vitanda vya mito vilivyogeuzwa. Kule si lava iliyovilinda hasa, ni changarawe na madini yaliyogandisha mchanga wa mto ukawa mgumu kuliko jirani zake, na aliyekula jirani ni upepo, kwa mabilioni ya miaka. Lakini kanuni ni moja, na ndiyo sababu siamini kwamba mto hutambulikana kwa bonde. Bonde hujaa, huzikwa, hubomoka. Kinachodumu ni kile kilichokuwa kigumu kitandani mwake.

"Na huu wetu utaacha nini?" akauliza tukirudi, maana lango linafungwa saa kumi na mbili. "Huu hauna lava."

Nikamwambia auangalie Baricho. Visima vya pale havichoti mto wenyewe. Vimechimbwa kwenye mchanga na changarawe za njia ya zamani ya Sabaki iliyofukiwa, na maji yanayochujwa humo ndiyo yanayopelekwa Malindi, Kilifi mpaka Mombasa. Alinyamaza kidogo, akakwepa shimo, akasema basi hata bomba la kwa mama yake Kakuyuni linatoa mto wa kale, siku linapotoa.