Maji Mafu

Kijana aliyenipa kazi ile alikuja na mfuko wa rambo umejaa nakala za mwenendo wa kesi. Baba yake aliuawa kwa panga ufukweni, upande wa Mikindani, yeye akiwa darasa la pili. Jirani yao alishtakiwa, akasota mahabusu miaka, kisha Mahakama Kuu ikamwachia kwa kuwa utambuzi wa usiku ulikuwa na shaka. "Kaka, nataka kujua tu kama yule mzee ndiye."

Nilikuwa nimeacha upolisi, nafanya upelelezi binafsi. Kazi hiyo kwetu haina meno: hukamati wala hupekui, unasoma na kuuliza. Nikasoma. Kesi nzima ilisimama juu ya shahidi mmoja, aliyesema saa nne usiku alikuwa kwenye fungu lililochomoza baharini, maji yamekupwa, anachokoa pweza kwa karabai, akamwona jirani akipita na panga. Mawakili waling'ang'ania mwanga, na walikuwa na haki. Tangu shauri la Waziri Amani, 1980, Mahakama ya Rufani inataka ijulikane shahidi alimwona mtu kwa muda gani, umbali gani, mwanga gani, na kama alimfahamu kabla. Lakini habari ya maji hakuna aliyeiuliza.

Nilimsomea maelezo yale bibi mmoja aliyelea wanawe kwa pweza na chaza. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mkono ukasimama.

"Mwezi ngapi huo, baba?"

Nikamtajia tarehe.

"Hiyo ya serikali. Nakuuliza mwezi wa kuandama."

Nikarudi kwenye karatasi. Jibu lilikuwamo, kwenye maelezo ya mjane: jioni ile marehemu alifuturu nyumbani, akiwa amemaliza sita, zile funga za baada ya Ramadhani. Alianza kufunga siku ya pili ya Idi na hakukatisha. Basi ilikuwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, siku ya saba, usiku wa kuamkia ya nane.

"Maji mafu hayo," bibi akasema. "Fungu halichomozi hata mchana. Na saa nne usiku maji ndiyo yamejaa. Huyo pweza kamchokoa wapi?"

Mtu wa pwani habishani na hilo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa saa nne, saa tano, asubuhi na usiku. Ukifika siku ya saba na ya nane ndiyo maji mafu: hayakupwi sana, na saa hizohizo yamejaa. Nililinganisha na jedwali la maji la mwaka ule, likakubaliana na bibi.

Shahidi alikuwa ameshafariki, na nani alimtuma aseme vile sikupata kujua. Muuaji hatukumpata. Linaniuma mpaka leo.

Kijana aliisoma ripoti mara mbili, akaniomba nimpeleke kwa yule mzee. Tulimkuta kibarazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akasikiliza mpaka mwisho. "Mahakama iliniachia, mwanangu, ila watu walisema nimeponea giza. Hitima sialikwi, harusi sialikwi. Kama una ukweli, kauseme msikitini."

Ijumaa ile, baada ya sala, kijana aliomba ruhusa kwa imamu, akasimama, akaeleza. Alipotaja siku ya nane na fungu, wavuvi walianza kugeukiana kabla hajamaliza. Nahodha mmoja mzee akasema kwa sauti, "Na sisi sote humu tunayajua maji."