Unataka kupunguza tumbo? Tuanze na sigara

Tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo na kuanza kupungua mwili, watu wananiuliza maswali kila siku, kaka umefanyaje, umefanyia wapi, bei gani, inauma? Na mi nawajibu wote kadri ninavyoweza. Ila kuna kitu kimoja huwa hawaniulizi, kwa hiyo siku hizi naanza kuwauliza mimi: wewe unavuta? Ukisema ndiyo, basi habari za bei na hospitali tunaziweka pembeni kwanza, tuongelee sigara.

Mi nilikuwa mvutaji kweli kweli. Duka letu la spea liko Kariakoo, Gerezani, na anayeijua Gerezani anajua maisha ya pale, mteja anakuja kutafuta shokapu, mnabishana bei, mzee wa kahawa anapita na birika lake anagonganisha vikombe, unachukua kikombe, na kikombe hakishuki bila fegi. Hapo hapo pembeni kuna dogo ana meza, sigara moja moja, kiberiti anakupa bure. Hata pakti huna haja ya kununua, ndo maana mtu unavuta mwaka mzima hujui hasa unavuta ngapi.

Sasa uzito wangu ulikuwa umefika pabaya, BMI (kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu) imevuka 40, sukari ipo, presha ipo, na usiku nakoroma mpaka pumzi inakata, mama watoto ananiamsha kwa hofu. Mazoezi nimefanya, daiti nimefanya, napungua narudi. Nikaamua upasuaji, ile wanaita slivu, wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu hivi au zaidi, unabaki na mfuko mwembamba mrefu uliofungwa kwa pini ndogo ndogo kuanzia juu mpaka chini. (Msichanganye na puto la Hospitali ya Mloganzila, lile linawekwa tumboni bila kukata na baadaye linatolewa.)

Dokta wangu ni dada mmoja mpole ila kwenye sigara hakuwa na mchezo. Akasema kaka, mimi sikuweki mezani kama unavuta, nataka angalau wiki 6 bila sigara, na kabla ya tarehe nitakupima mkojo. Mkojo unapimwa kitu kinaitwa kotinini, yaani mwili ukishaivunja nikotini inabaki hiyo, na inakaa mwilini kwa siku kadhaa hata kama jana na juzi hukugusa. Nikamuuliza na shisha je? Akasema shisha, vepu, ugoro, kuberi, vyote nikotini tu. Shisha yenyewe serikali ilishaipiga marufuku tangu 2016 ila tunajua inakopatikana.

Na hapa ndo nataka tuongee kwa uwazi, maana mi nadhani hapa ndo wengi wanakwama. Sisi watu wanene tunaovuta tuna hofu moja ambayo hatuisemi mbele ya daktari: tunaamini sigara ndo inayotushikilia. Unasema hivi nilivyo na kilo zote hizi navuta, nikiacha si nitalipuka? Na hofu yenyewe si ya kijinga jamani, ina ukweli ndani yake. Nikotini inapunguza hamu ya kula, inafanya mwili uchome nguvu zaidi kidogo, ukiacha ladha ya chakula inarudi na mkono unatafuta kitu cha kupeleka mdomoni, na watu wengi wanaoacha wanaongezeka kilo 4 mpaka 5 hivi katika mwaka wa kwanza. Sasa mtu ameambiwa apungue kabla ya upasuaji, afu anaambiwa aache kitu anachoamini kinampunguza, unategemea nini? Anamwambia daktari nimeacha huku hajaacha. Mi nawaelewa kabisa watu hawa.

Ndo nikamwambia dokta hofu yangu kama ilivyo. Hakunicheka. Akasema kaka, ukija na kilo 3 za zaidi mimi nitakufanyia upasuaji vizuri tu, ukija na nikotini kwenye damu ule mshono siuamini. Afu akachora kwenye karatasi, ule mfuko mwembamba na mstari wa pini, akasema huu mstari wote unategemea mishipa midogo sana ya damu ije kuuponyesha, na nikotini inaibana mishipa hiyo. Juu yake moshi una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo inashikamana na damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, kwa hiyo hata hiyo damu kidogo inayofika inafika haina mzigo wa kutosha. Mstari usipopona vizuri unaweza kuvuja, na kuvuja maana yake vitu vya tumboni vinamwagika ndani, unarudishwa theatre, unaweza kupoteza maisha. Kwa wale wanaofanya baipasi, yaani mfuko mdogo unaunganishwa na utumbo, sigara inajulikana kabisa kuleta vidonda pale kwenye maungio, na hii ni hata miaka baada ya upasuaji. Ile karatasi niliomba niondoke nayo, nikaibandika dukani nyuma ya kaunta.

Daktari wa usingizi naye alikuwa na yake. Mapafu ya mvutaji yana makohozi mengi na njia ya hewa ina hasira, ukichanganya na unene na kulala chali na dawa za usingizi, nimonia iko karibu. Na akaniambia jambo moja la kutia moyo, kwamba ile kaboni monoksidi inaanza kutoka haraka, ndani ya siku moja hivi imeshuka sana, ila mapafu na vidonda vinahitaji wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani walitoa taarifa 2020 wakasema ukiacha wiki 4 hivi kabla ya upasuaji wowote matatizo yanapungua, na kila wiki ya ziada inaongeza faida. Kwa hiyo kuwahi ni bora kuliko kusubiri tarehe.

Mi niliacha Ramadhani. Niliipanga makusudi, maana mchana mzima mvutaji aliyefunga havuti, na akiweza kuanzia alfajiri mpaka magharibi basi mwili umeshajua inawezekana. Kazi iko magharibi. Wavutaji wanajua, umefungua kwa tende na uji wa pilipili manga, umeswali, na hapo ile hamu ya mchana kutwa inakuja yote kwa mpigo. Siku za mwanzo mikono ilikuwa inatetemeka, nafoka hovyo, watoto wananikwepa. Mama watoto akabadilisha utaratibu wa nyumba, baada ya swala hatukai barazani nilikozoea kuvutia, tunatoka wawili kutembea mpaka tarawehe. Hamu yenyewe ikija inapanda kwa dakika chache afu inashuka, ukiweza kutembea zile dakika umeipita hiyo. Inayofuata nayo hivyo hivyo. Siku ya kwanza mpaka ya tatu ni mbaya sana, baada ya wiki moja nilianza kuona mwanga.

Na kuna mambo hawakwambii, nayasema ili mtu asishtuke. Kikohozi kinaweza kuongezeka mwanzoni, mapafu yanajisafisha. Choo kinaweza kuwa kigumu, kunywa maji usiku. Na kahawa! Sigara inafanya ini liivunje kahawa haraka, ukiacha sigara kahawa ile ile inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo ukinywa vikombe ulivyozoea moyo unakwenda mbio, usingizi hamna, na unadhani ni kukosa sigara kumbe ni kahawa. Mi baada ya Idi nilimwambia mzee wa kahawa anipe kikombe kimoja tu asubuhi, akanielewa, na kikombe hicho nikawa nakinywea ndani ya duka, sio pale kwenye meza ya dogo.

Uzito uliongezeka? Ndiyo uliongezeka. Futari ya kwetu mnaijua, magimbi ya nazi, tambi, sambusa. Niliiona mizani nikaumia. Ila tulikuwa tumeshakubaliana na dokta kwamba kipindi hiki vita ni moja tu, na wiki 2 za mwisho kabla ya upasuaji kuna daiti maalum ya kupunguza ukubwa wa ini, wanga kidogo sana na protini nyingi, na uzito ulishuka hapo. Ndo maana nasema usisubiri mpaka wiki hizo ndo uache sigara. Kuacha ugali, wali, chapati na sigara kwa pamoja ni mateso ambayo hayana sababu.

Kuhusu bigijii na plasta za nikotini, uliza mapema timu yako. Zinasaidia watu wengi kuacha na ni salama kuliko moshi, ila madaktari wa upasuaji wanatofautiana, wengine wanaruhusu halafu wanakuachisha kabla ya tarehe, wengine hawataki kabisa. Na ukizitumia, kipimo cha kotinini kitasoma ndiyo hata kama huvuti, kwa hiyo waambie. Kuna vidonge pia vya kuandikiwa na daktari ambavyo havina nikotini.

Siku ya pili baada ya upasuaji walinipa kile kidude cha mipira mitatu, unavuta pumzi mipira inapanda. Nesi alisema vuta taratibu, kohoa ukiwa umekumbatia mto. Nilikohoa, iliuma, makohozi kidogo sana yakatoka, mipira miwili ikapanda. Nikawaza kikohozi changu cha zamani, kile cha asubuhi cha kuinama mpaka machozi yanatoka, nikifanye na tumbo lile lenye vidonda vibichi. Nilimshukuru Mungu pale kitandani kwa sauti.

Sasa hivi kaka yangu mkubwa naye ameanza taratibu za upasuaji, tarehe bado hajapewa, na anavuta kuliko nilivyokuwa navuta mimi. Wiki iliyopita alikuja dukani nikamwonyesha ile karatasi ya dokta. Ameniambia anaanza Jumatatu, nami nimemwambia jioni tutakuwa tunatembea wote.