Duara la mama
Leo nimepita mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis, Marekani, nikaikumbuka Agosti 2016: kura yangu ya kwanza tangu nipate uraia. Mchujo wa chama cha Democrat, eneo la uchaguzi 60B, Bunge la Minnesota. Phyllis Kahn, aliyekuwa akikitetea kiti hicho, alikuwa bungeni tangu 1973, jamani! Kwenye foleni, mama wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, lile duara la kwenye karatasi ya kura unalijaza lote?" "Lote, mama." Vidole vyake vya hina vilitetemeka.

Ilhan Omar, aliyewahi kuishi kambi ya wakimbizi Kenya, akashinda mchujo. Novemba akawa Msomali wa kwanza kuchaguliwa bunge la jimbo Marekani. Mohamud Noor, aliyeshindwa siku ile ya mchujo, alikipata kiti hicho 2018. Yule mama sijamwona tena, nami namtafuta kila uchaguzi.