Singida mpaka Muhimbili, kumfata daktari wa mishipa ya fahamu

Tuliondoka Singida na basi la asubuhi la Dodoma mimi na kaka angu, mkononi nna barua ya rufaa ndani ya bahasha ya kaki, na kwenye ile barua daktari alokuwa ananiangalia aliandika MS, yaani multiple sclerosis, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na alama ya kuuliza mbele yake. Ile alama ndo ilinitoa nyumbani jamani, maana kabla ya hapo nlikuwa nimeshapewa majina ya kila aina.

Ilianza na jicho la kulia. Likawa linauma nikiligeuza, alafu likafifia, kanga yangu nyekundu nikiiangalia kwa jicho la kushoto naiona nyekundu vizuri tu, nikiziba la kushoto nikaiangalia kwa la kulia imepauka. Wiki zikapita likarudi lenyewe. Miezi baadae ndo ganzi, kuanzia kiunoni kushuka chini, nakanyaga sakafu sisikii baridi yake, na uchovu ambao ukilala hauishi. Kituo kimoja wakasema malaria na taifodi, kingine presha, nikachomwa sindano za vitamini, mtaani nako wakasema nimekanyaga kitu. Mama mkwe akaniletea mtu wa dua, niliipokea kwa moyo mmoja kwa sababu najua ananipenda, lakini ganzi ilibaki palepale.

Basi bwana, njia ya Singida kwenda Dodoma ina matuta kila penye kijiji, na mimi nlikuwa nasinzia, kila basi likiruka tuta kichwa kinadondoka kidevu kinagusa kifua, na hapohapo shoti inapita kutoka shingoni inashuka mgongoni mpaka kwenye mapaja. Sio maumivu, ni shoti kabisa, inapita mara moja inaisha. Manyoni nlimwambia kaka akasema labda umelalia shingo vibaya, akanikunjia koti lake nikaliweka chini ya kidevu na kweli kuanzia hapo mpaka Bahi shoti haikuja tena.

Dodoma tukapanda treni ya mwendokasi ya umeme, SGR, na humo ndani kuna ubaridi mzuri wa AC, nikajisikia mtu kweli, mpaka nikaenda chooni mwenyewe bila kushikwa. Kabla ya Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki ya mlimani, kioo kinakuwa cheusi unajiona sura yako, nikawa naziba jicho moja moja najipima. Yote mawili yanaona. Nikaanza kuwaza ivi kweli naenda kusumbua madaktari wa watu na mimi mzima.

Tukashuka Dar mchana. Joto la Dar mnalijua, na sisi tumezoea upepo wa Singida. Hatujatembea mbali jicho la kulia likaanza kuweka ukungu, miguu ikawa mizito nainyanyua kwa nguvu, kaka akaogopa akaniketisha kivulini, akanunua maji ya baridi mengine nikanywa mengine nikajimwagia shingoni. Baada ya mda ukungu ukatoka wenyewe. Tulilala kwa binamu yetu Kimara, asubuhi basi la mwendokasi mpaka kituo cha Fire, tukamalizia na bajaji mpaka Muhimbili.

Nieleze vizuri hapa kwa daktari maana hapa ndo pana maana kwangu. Nlidhani atasoma barua aandike kipimo, kumbe aliweka karatasi pembeni akasema nianzie mwanzo kabisa, na kila nikitaja kitu anauliza lini, kilikaa mda gani, kiliisha chenyewe au kwa dawa. Bahati kaka alikuwepo, yeye ndo alikumbuka jicho liliuma kipindi cha mavuno ya alizeti. Alafu akanipima kwa mikono yake, kanyundo ka mpira magotini, chuma anakigonga kinavuma anakiweka kwenye kidole gumba cha mguu anauliza unasikia kinatetema? Mguu wa kushoto sikusikia kitu, na macho nlikuwa nimefumba. Akanichora unyayo kwa kitu kigumu, akanitembeza kisigino kinagusa vidole. Mwisho akasema inamisha kichwa kidevu kiguse kifua, unasikia nini?

Nikamwambia dokta shoti, na jana kwenye basi ilinipiga mpaka Manyoni. Nikamweleza na ya jicho na joto. Akaandika haraka haraka. Machozi yalinitoka pale, kwa sababu nlikuwa sijawahi kuulizwa swali ambalo jibu lake liko ndani ya mwili wangu.

Akanieleza kwamba kwenye MS kinga ya mwili inakula utando unaofunika mishipa ya fahamu, kwenye ubongo, uti wa mgongo na ile mishipa ya macho, ni sawa na waya uliochunika plastiki, umeme unapita kwa shida, na mwili ukipata joto unapita kwa shida zaidi, ukipoa unarudi. Inawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na iko zaidi nchi za mbali na ikweta, ndo maana huku watu hawaifikirii, ila ipo. Akasema pia kuna ndugu yake inaitwa NMO, nayo inapiga macho na uti wa mgongo, inapimwa kwa damu, na haitakiwi kuzichanganya kwa sababu baadhi ya dawa za MS zinaweza kumzidishia mgonjwa wa NMO. Kwahiyo hatukimbilii jina. Damu ikatolewa ya vitamini B12, HIV, kaswende na hiyo ya NMO.

MRI ya kichwa na shingo, unavua hereni na kila chenye chuma, mashine inagonga gonga, unashikishwa kipira cha kuminya ukizidiwa. Katikati wanakuchoma dawa kwenye mshipa, ile inafanya madoa mapya ya ugonjwa yang'ae na ya zamani yasing'ae, hivo picha moja inaonesha yapi mapya na yapi ya zamani. Yangu yalikutwa pembeni ya vile vyumba vya maji vya ubongo, lingine shingoni, na la shingoni lilikuwa linang'aa. Maji ya uti wa mgongo nayo wakachukua, nimejikunja kwa ubavu kaka kanishika mkono.

Nikawekewa dripu za dozi kubwa ya steroidi, mdomo unakuwa na ladha ya chuma na usiku usingizi hauji, lakini kabla hatujaondoka Dar nlikanyaga vigae vya kwa binamu nikasikia baridi yake mguu wa kulia. Kushoto bado.

Daktari anasema inaelekea MS sana, ila anasubiri ile damu ya NMO ndo aseme neno la mwisho. Ameniambia niwe na daftari, kila dalili na tarehe yake. Nimeshalinunua, na ukurasa wa kwanza nimeandika maswali ya kliniki ijayo: hizo dawa za kuzuia isirudi zinapatikana wapi hapa nchini, bima inalipia zipi, na kama bado naweza kuzaa mtoto wa pili.